Chora na biro, raba wacha nyumbani

Wasee mnaoanza kuchora, hii imenisaidia sana acha niwapee tu. Kitambo nilikuwa nangoja nipate pesa ya kanvasi na rangi ndio nifanye kazi, na pesa ikikuja nachora moja, naharibu, nakasirika nakaa mwezi mzima sijashika brashi. Siku hizi nabeba daftari ndogo isiyo na mistari na biro moja nyeusi, basi. Raba naacha nyumbani makusudi, ju ukijua huwezi futa unaangalia kitu poa kabla mkono usonge.

Jumapili naenda soko ya Kibuye, Kisumu, nakaa karibu na mama wa omena (nunua ya mia kwanza, usichore mtu bure bana) nachora tu mikono yake akijaza gorogoro, ule mkebe wa kupimia. Mikono haitulii, unapata mistari tatu nne ashainua tena, unarudia juu ya ile ile, ukurasa unakuwa fujo tupu lakini ukiangalia vizuri kuna mahali kidole gumba kimebonyeza mkebe na ni hapo tu pako sawa. Hapo nazungushia duara. Andika tarehe, na hata ukurasa mbaya usirarue.

Kanvasi bado nachora, ila natafuta kwanza hizo duara kwa daftari, naanzia hapo. Ya juzi ni mikono na gorogoro peke yake, nikamwonyesha huyo mama wa omena akaniuliza kwani uso wake uko na shida gani.