Jinsi ya kusoma lebo ya waini ya Italia bila kubabaika

Hii naandikia hasa wenzangu mnaofanya kazi kwenye mahoteli na mikahawa, Malindi, Watamu, mpaka kule Zanzibar, manake wageni wa Kiitaliano tunao wengi na chupa zao ndizo zinazotutoa jasho. Lakini hata wewe unayesimama tu supamaketi mbele ya rafu huelewi ushike ipi, soma, mambo ni yale yale.

Nianze na kisa. Hoteli moja niliyokuwa nafanya zamani, mgeni aliagiza Vino Nobile di Montepulciano, mwenzangu akaenda stoo akaona chupa imeandikwa Montepulciano kubwa kabisa, akaileta, akaifungua, mgeni kuonja kidogo tu akaisukuma glasi. Ile chupa ilikuwa Montepulciano d'Abruzzo. Basi chupa ikahesabiwa kwake, mwisho wa mwezi akakatwa mshahara, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumkalisha chini akamfundisha. Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Sasa angalia tofauti. Montepulciano ni mji, uko mkoa wa Toscana, na waini ya mji huo ndiyo Vino Nobile, inatengenezwa kwa zabibu inayoitwa Sangiovese, si chini ya asilimia 70. Halafu kuna zabibu nyingine kabisa jina lake Montepulciano, hiyo inalimwa sana Abruzzo upande wa bahari ya Adriatiki na siyo inayotengeneza Vino Nobile. Jina ni hilo hilo, huku ni mji, huku ni zabibu.

Kwa hivyo ukishika chupa yoyote ya Kiitaliano swali la kwanza ni hili: jina kubwa hapa mbele ni la mahali, ni la zabibu, ama ni jina la shamba au la kubuni tu? Barolo, Chianti, Soave, Etna, Taurasi, hayo ni majina ya mahali, zabibu mara nyingi hutaiona imeandikwa popote, lazima uwe nayo kichwani. Ukiona maneno mawili yameunganishwa na "di" au "d'", hiyo ni kama "ya" yetu, mara nyingi linatangulia jina la zabibu halafu mahali, Barbera d'Asti ni zabibu ya Barbera ya Asti, Fiano di Avellino vile vile, Vermentino di Gallura vile vile. Brunello di Montalcino nayo inafuata mtindo huo, ila Brunello ni jina la pale Montalcino la Sangiovese ile ile.

Na matamshi jamani, hapa sisi tunajichanganya kwa sababu ya lugha yetu. "Ch" ya Kiitaliano inasomwa K, kwa hivyo ni Kianti, siyo Chianti kama chai. Kinyume chake, "ci" ndiyo ch yetu, Montalcino ni Montalchino. Ukitamka sawa mgeni anakuamini kabla hujafungua chupa.

Swali la pili ni daraja. Juu kabisa DOCG (asili iliyodhibitiwa na kudhaminiwa), chini yake DOC (asili iliyodhibitiwa), halafu IGT (inataja eneo inakotoka), halafu Vino tupu bila kutaja mkoa. DOC zilianzishwa kwa sheria ya 1963, DOCG za kwanza zikatoka 1980, Barolo na Brunello zikiwemo, na IGT ikaja na sheria ya 1992. Siku hizi kuna chupa zinaandikwa DOP badala ya DOC au DOCG, na IGP badala ya IGT, hizo ni herufi za Umoja wa Ulaya, zisikutishe. DOCG utaikuta na ukanda wa karatasi wenye namba shingoni, unachapishwa na kiwanda cha serikali yao, usiuchanganye na stempu ya ushuru ya kwetu. Lakini hata DOC nyingi zina ukanda, kwa hivyo usikisie, soma herufi.

Sasa hapa ndio watu wengi wanakosea, wanadhani DOCG maana yake ladha nzuri zaidi. Daraja linakuhakikishia zabibu imetoka wapi, ni aina gani na waini imelazwa, yaani imetunzwa kabla ya kuuzwa, muda gani, ladha ni kazi ya mwenye shamba. Mfano wa wazi ni Sassicaia ya Bolgheri, pale pwani ya Toscana. Mavuno ya 1968 yalipoingia sokoni yaliuzwa kama waini ya mezani, daraja la chini kabisa, kwa sababu imetengenezwa kwa zabibu ya Cabernet ambayo sheria za pale hazikuitambua, na bado ikawa moja ya waini zinazoheshimika zaidi Italia, mwaka 1994 ndio ikapewa DOC. Tignanello, waini nyingine ya Toscana, mpaka leo ni IGT na bei yake si ya mchezo. Kwa hivyo ukiona IGT Toscana ya bei kali usidhani stoo wamekosea.

Mikoa iko 20 na yote inatoa waini, lakini kwa kazi yetu anza na mitatu.

Piemonte, kaskazini magharibi, ndiko kwenye Nebbiolo, na hii zabibu naipenda kuliko zote. Mimina Barolo kwenye glasi uiangalie kwenye mwanga, rangi yake imepauka, nyekundu inayoelekea matofali, mtu asiyejua atasema hii ni nyepesi. Onja sasa. Ule ukakasi unakushika ulimi na ufizi, kama umeng'ata bibo halijaiva vizuri, halafu nyuma yake kunakuja harufu ya waridi na lami. Ndio maana sheria inataka Barolo ilazwe miezi 38, na 18 kati ya hiyo iwe ndani ya pipa, Barbaresco ambayo ni Nebbiolo pia miezi 26. Mpelekee anayekula nyama, kwa samaki hapana kabisa. Barbera yenyewe ina uchachu mwingi na ukakasi kidogo, ni rahisi kunyweka. Kuna pia Moscato d'Asti, tamu, ina mapovu kidogo na kilevi karibu asilimia 5 tu, ya kitindamlo hiyo.

Toscana ni Sangiovese. Chianti na Chianti Classico si kitu kimoja, Classico ni lile eneo la asili kati ya Firenze na Siena, mipaka ya mwanzo iliwekwa 1716, na chupa yake ina jogoo mweusi, mtafute. Brunello ni Sangiovese tupu na haiuzwi mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno, ya 2019 imetoka 2024, ndio maana ni ghali. Mgeni akilalamikia bei mpendekezee Rosso di Montalcino, zabibu ile ile na eneo lile lile, inatoka mapema tu.

Veneto ndiko kwenye Prosecco, waini ya mapovu ambayo sisi huku tunafungua kila jioni. Zabibu yake inaitwa Glera. Na shika hili, Extra Dry ni tamu kuliko Brut, najua jina linadanganya, Brut sukari iko chini ya gramu 12 kwa lita, Extra Dry ni 12 mpaka 17, na inayoitwa Dry peke yake ni tamu zaidi, 17 mpaka 32. Huko huko Veneto kuna Amarone ya Valpolicella, wanavuna zabibu wanazianika miezi kadhaa mpaka zinasinyaa kabla ya kuzikamua, kwa hivyo kilevi kinaanzia asilimia 14 na kinapanda.

Kusini nitapita haraka, Sicilia ni zabibu ya Nero d'Avola na zile za mlima Etna, Puglia ni Primitivo ambayo ndiyo Zinfandel ya Wamarekani, Campania ni Aglianico kwa nyekundu na Fiano kwa nyeupe. Samaki wa kupaka na Fiano iliyopoa vizuri, mimi sijaona kinachoshinda hapo.

Maneno madogo: Riserva imelazwa muda mrefu zaidi, Superiore kwa kawaida ina kilevi zaidi kidogo, Classico ni eneo la asili, secco ni isiyo tamu, amabile ina utamu kiasi, dolce ni tamu. Mwaka wa mavuno ulioandikwa kwenye lebo usiupuuze, kule wanavuna mara moja tu kwa mwaka, si kama Dodoma wanakovuna mara mbili, kwa hivyo mvua ikiharibu mavuno hakuna ya kufidia mpaka mwaka ujao.

Ukitaka yaingie kichwani, chupa ikiisha iloweke kwenye maji ya moto, bandua lebo, ibandike kwenye daftari, na pembeni andika mahali, zabibu, daraja. Na mezani, kabla hujagusa kizibo, mwelekezee mgeni lebo umsomee jina lote mpaka mwisho pamoja na mwaka, "Vino Nobile di Montepulciano, 2019", halafu subiri aitikie. Kama umebeba siyo, atakwambia hapo hapo, na chupa unairudisha stoo ikiwa nzima.