Somo: Kwa nini programu ya zamani hugoma kwenye mfumo endeshi mpya

Programu inapogoma kufunguka baada ya mfumo endeshi kubadilishwa, wengi huifuta na kuisakinisha upya. Mara nyingi hiyo ni kazi bure, kwa sababu faili zake ni nzima. Kilichobadilika ni mazingira iliyoandikwa iyategemee.

Hatua ya kwanza ni kujua programu ni ya biti ngapi, yaani iliandikwa kwa prosesa inayoshughulikia data kwa vipande vya ukubwa gani (16, 32 au 64), na hapa naomba msomaji atulie. Windows ya biti 64 huendesha programu za biti 32 kupitia tabaka maalumu, lakini za biti 16 huzikataa, kwani prosesa inapofanya kazi katika hali ya biti 64 haina tena ule uwezo wa kuigiza prosesa ya zamani ya biti 16 iitwayo 8086, uliotegemewa na programu za DOS, mfumo endeshi wa zamani uliotangulia Windows. Inasikitisha zaidi pale programu yenyewe ni ya biti 32 ila kisakinishi chake ni cha biti 16, kwa hiyo hukwama mlangoni.

Hatua ya pili, bofya faili ya programu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, kisha uchague uoanifu (compatibility) na toleo la zamani la Windows. Mfumo utaitajia programu namba ya toleo hilo, na zile zilizokuwa zikigoma kwa sababu ya namba tu zitafunguka.

Hatua ya tatu ni kukagua draiva, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kutumia kifaa kama printa. Draiva ya biti 32 haiingii kwenye kiini cha mfumo wa biti 64, na uoanifu hauitibu.

Yote yakishindikana, tumia DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS, kwa programu za DOS, au usakinishe mfumo wa zamani ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta yako, bila kuiunganisha na intaneti, maana mfumo huo haupati tena masasisho ya usalama.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, je, kwenye Mac ni hivyo hivyo?*
Huko ni kugumu zaidi: tangu macOS Catalina ya mwaka 2019, programu za biti 32 hazifunguki kabisa.

*Nikirudi kwenye Windows ya biti 32?*
Windows 10 inalo toleo hilo, nalo linaweza kuendesha programu za biti 16. Windows 11 ni ya biti 64 pekee.

*Programu yangu inafunguka, lakini haihifadhi mipangilio.*
Huenda inaandika ndani ya folda yake yenyewe iliyo chini ya Program Files, jambo ambalo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi. Isakinishe kwenye folda nyingine unayoimiliki. Kuipa mamlaka ya msimamizi kuwe suluhisho la mwisho.