Jinsi ya kupata krediti za chuo kwa kufanya mtihani tu (CLEP na wenzake) kwa sisi tulioko Marekani

Hili swali naulizwa kila mara, na anayeuliza ni mtu yuleyule: anapiga shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee, asubuhi anakimbilia kominiti koleji, kwenye basi anasinzia mpaka anapitiliza kituo. Eti ni kweli unaweza kufanya mtihani wa saa moja na nusu ukapewa krediti 3 bila kukaa darasani semista nzima? Ni kweli kabisa na wala sio ujanja ujanja. Mitihani yenyewe inaitwa CLEP, ni ya College Board, haohao wa SAT, na ipo tangu 1967. Ila nimeona watu wamefaulu mitatu minne na hawakumaliza chuo hata siku moja mapema, na kwenye mtihani wangu wa kwanza mimi nilikuwa mmoja wao, kwa hiyo soma hadi mwisho kabla hujatoa hela mfukoni.

Tuanze na hesabu. Digrii ya kwanza huwa ni krediti 120, darasa la kawaida ni krediti 3, yaani madarasa 40 hivi. Sehemu kubwa ya hayo wala sio fani yako, ni yale masomo ya jumla ambayo kila mtu analazimishwa, historia, saikolojia, hesabu, insha, sayansi kidogo. Hapo ndipo CLEP inapofaa. Ipo mitihani 34, mingi ni ya kuchagua jibu kwenye kompyuta, na ada ni karibu dola 100, halafu kituo nacho kinaongeza ada yake. Sasa chukua chuo kinachotoza dola 400 kwa krediti moja: darasa la krediti 3 ni dola 1,200, hapo hujagusa vitabu wala nauli wala shifti ulizokosa.

Kosa langu lilikuwa hivi. Nilisikia mtihani wa Social Sciences and History unatoa krediti 6 kwa mpigo, nikaona huu ndio mzigo wenyewe, nikasoma wiki tano, nikafaulu, nikafurahi nikapiga simu hadi nyumbani. Chuo kikazipokea zote 6, kikaziweka kwenye fungu la masomo ya hiari, na fungu hilo mimi nilishalijaza zamani. Zipo kwenye transkripti yangu, yaani rekodi ya masomo na alama, mpaka leo, zimekaa kama maua ya plastiki.

Kwa hiyo usianze na mtihani, anza na shimo. Ingia kwenye akaunti yako ya chuo, toa ule ukurasa unaoonyesha masomo yote yanayotakiwa kwenye digrii yako na uliyomaliza, uprinti, chukua kalamu uzungushie kila nafasi iliyo wazi. Halafu tafuta kwenye tovuti ya chuo chako jedwali la CLEP, vyuo vingi vinalo, linaonyesha kila mtihani, alama wanazotaka, na unahesabika kama kozi gani yenye namba gani. Namba ya kozi ndiyo muhimu kuliko yote, kwa sababu kama jedwali linasema mtihani wa Introductory Psychology ni sawa na PSY 101 na shimo lako linasema PSY 101, hapo umepata. Kama linasema elective tu basi kumbuka maua ya plastiki.

Usitosheke na adivaiza kukuambia "itakubalika tu" mkiwa mmesimama kwenye korido. Andika imeili kwa ofisi ya rejista uulize mambo manne: mtihani huu unajaza kozi ipi, alama ngapi, mna ukomo wa krediti ngapi za mitihani, na je kuna masharti kwa mtu ambaye alishawahi kusajili kozi hiyo. Jibu likija lihifadhi. Vyuo vingi vinataka angalau krediti 30 hivi uzisomee kwao wenyewe, na kuna vyuo vikubwa vyenye jina ambavyo havitaki CLEP kabisa. College Board hawagawi krediti, wao wanatoa alama tu. Mwenye kugawa ni chuo chako. Na ukihama kutoka kominiti koleji kwenda chuo kikuu, hicho kipya kinaanza kuangalia upya na mara nyingi kinataka alama halisi kutoka College Board, kwa hiyo kama unajua utahamia wapi, soma jedwali la huko kwanza kuliko la hapa ulipo.

Alama zinaanzia 20 hadi 80. Baraza linaloitwa ACE, ambalo vyuo vingi vinafuata ushauri wake, linapendekeza 50 iwe kufaulu, na baadhi ya vyuo vinataka zaidi. Ukikosea swali hawakukati chochote, kwa hiyo kuacha swali wazi ni kujinyima bure. Na krediti za CLEP kwa kawaida haziingii kwenye GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo, zinaandikwa kama umefaulu tu, ambayo ni nafuu kwa mwenye GPA nzuri na haimsaidii mwenye GPA iliyolala.

Hela sasa. Kabla hujalipa kitu nenda kwenye tovuti ya Modern States, ni shirika lisilo la faida, wana kozi za bure za kuandaa watu kwa CLEP, video, maswali, kila kitu, na ukimaliza mazoezi kwa alama wanazotaka unaomba vocha wanakulipia ada ya mtihani. Mimi mwanzo nilidhani ni matapeli, maana sisi tukisikia cha bure tunashika mfuko, lakini ni kweli. Ukiwa jeshini, na najua vijana wetu wengi wameingia, DANTES, mpango wa elimu wa jeshi, inawalipia CLEP na mitihani mingine inayoitwa DSST, kwa hiyo fanya mingi uwezavyo kabla hujatoka maana ukishatoka mambo yanabadilika.

DSST ni ndugu yake CLEP, alianzia jeshini lakini raia wa kawaida anaruhusiwa. Nayo ina masomo ambayo CLEP haina, kama dini za dunia, maadili, fedha binafsi, na hata kuongea mbele ya watu, huo wa mwisho unarekodiwa ukitoa hotuba. Vyuo vinavyokubali DSST ni vichache kuliko vya CLEP.

Sasa mtihani upi kwanza? Mimi nasema anza na kitu unachokijua tayari, na hapa sisi waswahili tuna utajiri ambao tunaulalia. Ndugu zangu wa Bukavu, Goma, Bujumbura, na wale wa Rwanda mliosoma kwa Kifaransa zamani: kuna CLEP ya French Language. Ni kusikiliza na kusoma tu, hakuna kuandika insha wala kuongea. ACE wanapendekeza krediti 6 ukipata 50, na krediti 9 ukifika 59. Namjua mama mmoja wa Uvira anayefanya kazi kwenye kiwanda cha kuku, alikuwa anaogopa hata neno mtihani, akaukalia huo bila kusoma zaidi ya wiki moja akatoka na krediti 9, siku hiyo alinunulia watu soda. Kama umesoma kwa Kifaransa mpaka sekondari na hujafanya huu mtihani, unasubiri nini?

Na Kiswahili je? CLEP haina Kiswahili, ina Kifaransa, Kijerumani na Kihispania basi. Lakini ipo njia nyingine, mtihani wa kuongea unaoitwa OPI, wa ACTFL, shirika la walimu wa lugha la Marekani, unaufanya kwa simu au kompyuta na mtu aliyefundishwa kupima, dakika 15 hadi 30, na Kiswahili kimo. ACE wana mapendekezo ya krediti kulingana na ngazi utakayofika. Lazima uchukue ule rasmi wenye cheti, na lazima uulize chuo kwanza, maana vingine vinakataa kumpa mtu krediti za lugha aliyozaliwa nayo. Vingine vinakuambia tunakusamehe somo la lugha. Kusamehewa na kupewa krediti ni vitu viwili tofauti kabisa! Ukisamehewa hulazimiki kusoma lugha lakini zile krediti bado unadaiwa, utazijaza na somo lingine. Uliza kwa maneno hayohayo: je, napata krediti au nasamehewa?

Na usidhani kwa sababu umezaliwa Tanga basi utapata ngazi ya juu umelala. Mpimaji anakupandisha ngazi kwa ngazi, mwanzo anakuuliza habari za familia, halafu simulia tukio lililokupata, halafu anakwambia toa maoni yako kuhusu elimu au uchumi, mtu mwingine angekupinga vipi, na ingekuwaje kama serikali ingefanya hivi badala ya vile. Watu wetu wanakwama hapo kwa sababu mbili, wanajibu kifupi kifupi kama wanahojiwa na polisi, na wanachanganya Kiingereza kila baada ya neno la tatu kwa sababu ndivyo tunavyoongea huku. Fanya mazoezi jioni na mtu, chagua mada nzito, ongea dakika tano bila neno la Kiingereza hata moja. Jaribu, utaona jasho.

Ukishachagua mtihani, kusoma kwenyewe. Wiki nne hadi sita zinatosha kwa mtu anayefanya kazi, saa moja kwa siku, na hiyo saa usiiweke baada ya shifti, iweke kabla. American Government na Introductory Psychology na Sociology ni maneno na maana zake tu, ukikariri msamiati umefika mbali, ila American Government kwa mtu ambaye hakusoma shule za huku inataka muda, maana wenzako wameisikia tangu utotoni na wewe unakutana na mambo ya Federalist na kesi za mahakama kuu kwa mara ya kwanza. Hesabu kinyume chake, wengi wetu tuliotoka na hesabu za Form Four tunaikuta College Algebra ina vitu tunavyovijua kwa sura, tatizo ni kasi, maswali 60 kwa dakika 90. Tumia Khan Academy, tovuti ya masomo, ni bure. Insha, yaani College Composition, ina maandishi ya kweli yanayosahihishwa na watu kwa hiyo majibu yake hayatoki palepale kama mingine.

Wenye uuguzi na wanaotaka udaktari, nyie subirini kidogo. Anatomia haina CLEP. Na shule nyingi za udaktari hazitaki kabisa kuona CLEP kwenye masomo ya sayansi ya lazima, kwa hiyo biolojia na kemia kaa darasani, tumia mtihani kuondoa sosholojia na historia.

Wa viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, nao wasikilize hapa. Mtihani sio darasa ulilosajili. Sheria inakutaka uwe na masomo kamili, kwa digrii ya kwanza ni krediti 12 kwa semista, na CLEP haiwezi kujaza hizo 12. Na ukimaliza digrii mapema hata tarehe zako za viza zinaweza kusogea, kwa hiyo ongea na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla, sio baada. Anayetegemea msaada wa serikali naye aangalie, ukijifutia madarasa mpaka ubaki na mawili kwa semista, msaada nao unapungua.

Kuna wale waliokusanya krediti vipande vipande, vyuo vitatu, miaka kumi na mbili, hawajawahi kumaliza. Kwenu nyie kuna vyuo vitatu vilivyoanzishwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wazima wa aina hii: Thomas Edison State University ya New Jersey, Excelsior ya New York, na Charter Oak ya Connecticut. Vinapokea krediti nyingi za mitihani na za kuhamisha kuliko vyuo vya kawaida, vyote vimesajiliwa vizuri, na unasoma kwa mtandao. Mwenye cheti cha Form Six au A level naye aulize chuoni kwake, vipo vinavyotoa krediti kwa masomo ya A level, ila watataka kwanza vyeti vitathminiwe.

Siku ya mtihani kinachotuangusha sisi ni majina. Pasipoti ina majina matatu, chuo kilisajili mawili, leseni ya gari imegeuza la mwisho likawa la kwanza. Jina kwenye usajili wa College Board lazima lifanane na kitambulisho utakachobeba, wasipoyaona sawa wanakurudisha nyumbani. Unaweza pia kufanyia nyumbani huku unaangaliwa kwa kamera, lakini chumbani lazima uwe peke yako mwanzo mpaka mwisho, na nyumba zetu unazijua, hakuna anayebisha hodi, shangazi atakuletea chai katikati ya swali la 40 na mtihani unaweza kufutwa. Nenda kituoni tu.

Kabla hujaanza mtihani watakuuliza alama zitumwe chuo gani. Jaza hapohapo, hiyo ni bure, ukisubiri baadaye utalipia. Mitihani mingi inakuonyesha alama zako ukibonyeza kumaliza. Ukifeli, mtihani huohuo unaurudia baada ya miezi mitatu, kwa hiyo ukiwa unautegemea kwa ajili ya kugraduate Mei, usiuweke Aprili. Na ukifaulu endelea kuchungulia transkripti, wiki tatu zikipita hujaona kitu piga simu rejista, uwe na ile imeili yao mkononi.