Soko la usiku Taipei: anza na tofu

Mara ya kwanza kula lu wei, yaani vitu vilivyotokoswa kwenye mchuzi wa soya, nilijaza kikapu kama niko harusini. Nililipa dola 230 za Taiwan, nusu ikanishinda. Sasa nasoma Taipei mwaka wa pili, na mgeni akija kutoka nyumbani namwelekeza hivi.

Nenda soko la usiku la Raohe, ingilia upande wa hekalu la Ciyou. Tafuta meza iliyojaa vitu vya rangi ya kahawia: vyote vimetokoswa polepole kwenye mchuzi wa soya, sukari, mdalasini na kile kiungo chenye umbo la nyota. Chukua koleo na kikapu, chagua vitu vitatu au vinne, mpe muuzaji. Atavikatakata, avirudishe kwenye mchuzi unaochemka, halafu atakuuliza pilipili. "Bu la" ni bila pilipili, "xiao la" ni kidogo. Usijitie ushujaa, pilipili ikizidi, utamu wa mchuzi huuoni.

Tofu kavu (maziwa ya soya yaliyogandishwa na kukamuliwa) ndiyo ya kwanza kuonja. Yenyewe haina makuu, ila imekunywa mchuzi, kwa hiyo kipande kimoja kinakupa habari za sufuria nzima. Ing'ate uangalie ndani: ikiwa bado nyeupe pe, haijakaa vya kutosha, na hapo mimi siongezi kitu. Ikiwa nzuri, endelea na firigisi, miguu ya kuku, na mwani (si ule wa Paje, huu ni mpana, mnene, unateleza).

Usiyekula nguruwe, angalia: masikio yake huchemshwa sufuria hiyohiyo. Tafuta kibanda chenye alama 素, cha wasiokula nyama.

Kichwa cha bata kiwe cha mwisho, maana sukari yake inafunika kila kitu. Mtindo huu ni wa Dongshan, kule Tainan, kusini, wanakopenda chakula kitamu: kinatokoswa, kisha kinakaangwa, ngozi inanata vidoleni kama kashata ambayo haijakauka. Anza na shavu, vuta ulimi, halafu pasua fuvu ufyonze. Aliyezoea kichwa cha changu hahitaji mwalimu.

Beba tishu. Mapipa ya taka ni ya kutafuta kwa tochi, kwa hiyo mifupa irudishe kwenye mfuko wake uufunge. Juzi nimefika bwenini saa sita usiku na midomo mitatu ya bata kwenye koti.