Keki ya embe na unga wa atta: kausha rojo kwanza

Desemba hii maembe yamejaa kila kona, na yale dodo yaliyolainika mpaka ganda limeanza kujikunja watu wanayatupa. Jamani, hayo ndiyo ya keki!

Ila usiyasage ukamimina moja kwa moja kwenye unga. Embe lina maji mengi. Keki itapendeza juu, ukiikata unakuta katikati mbichi. Bandika rojo kwenye moto mdogo, koroga na mwiko lisishike chini. Ukiburuza mwiko ukaona njia imebaki wazi na rojo halirudi upesi, epua. Vikombe viwili vitakuwa vimebaki kama kimoja. Acha lipoe kabisa, likiwa la moto litapika mayai.

Utamu hapo umeshakolea, kwa hiyo kwa vikombe viwili vya atta, sukari robo kikombe inatosha. Mayai matatu, mafuta nusu kikombe, beking pauda vijiko viwili vya chai, chumvi kidogo, na iliki uitwange wakati huohuo, ya pakiti haina harufu ile.

Atta ina pumba na hunywa maji polepole. Ukishachanganya, subiri dakika 10 ndipo uangalie uzito. Ukiona umekaza, ongeza maziwa kidogo kidogo.

Kwa jiko la mkaa, makaa mengi yakae juu ya mfuniko, chini machache tu. Chomeka kijiti katikati: kikitoka kikavu, imeiva.