Kabati la kupigia mchanga: anza na hewa kavu

Ukitaka kufunga kabati la kupigia mchanga (sanduku lililofungwa ambamo punje ngumu, zinazoitwa tu mchanga, hurushwa kwa hewa ya kompresa ili kusafisha kutu au rangi) kwenye karakana ndogo ya nyumbani, shughulikia hewa kwanza. Hewa hutoka kwenye kompresa ikiwa ya moto, na ikipoa njiani inaacha maji. Maji hayo yakifika kwenye mchanga, unashikana kama unga uliolowa na nozeli, yaani mdomo unaorusha mchanga, inaziba kila mara. Kwa hiyo chujio la maji usilibane ubavuni mwa kompresa. Liweke mwisho wa mpira, karibu na kabati, ambako hewa imeshapoa. Tangi nalo limwage maji kila ukimaliza kazi.

Nozeli iangalie pia. Tundu likilika kutoka milimita 3 hadi 4, linakula hewa karibu mara mbili, na kompresa ndogo haiwezi tena.

Na tafadhali, mchanga wa mtoni au wa ufukweni usiutie humo kabisa. Vumbi lake la silika huharibu mapafu, na hayaponi tena. Tumia shanga za kioo au oksidi ya alumini, washa kifyonza vumbi kabla ya kuanza, na usifungue mlango mpaka vumbi lote ndani liishe.