Kuchukua Tone la Damu Nyumbani kwa Mtoto Mwenye Fenilketonuria

Mtoto aliyezaliwa na fenilketonuria ana upungufu wa kimeng'enya cha ini kinachogeuza fenilalanini, mojawapo ya asidi amino zilizomo katika protini, kuwa tairosini. Fenilalanini isiyogeuzwa hulimbikizana katika damu na kuudhuru ubongo. Lishe ya mtoto huyu hupangwa kwa kufuata majibu ya maabara, kwa hiyo tone linalochukuliwa vibaya laweza kumnyima chakula alichostahili.

Chukua damu saa ile ile kila mara, ikiwezekana asubuhi kabla hajala wala kunywa maziwa yake maalumu, kwa kuwa kiwango cha fenilalanini katika damu hupanda baada ya usiku mzima bila chakula; sampuli ya asubuhi hailinganishiki na ya jioni. Osha mikono yako na ya mtoto kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kisha ikaushe kabisa. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, au pembeni mwa kisigino ikiwa bado ni mchanga, na ufute tone la kwanza. Usikamue kwa nguvu, maana majimaji ya mwilini huizimua damu.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoiombea uangalifu mkubwa kuliko zote. Tone moja kubwa lijaze duara lililochorwa kwenye kadi ya sampuli, yaani karatasi inayonyonya damu na kutumwa maabara, na lipenye hadi upande wa nyuma. Likiwa dogo, usiongeze jingine juu yake, bali hamia duara lingine. Duara lisilojaa hushusha kipimo, na matone yaliyorundikwa hukipandisha. Laza kadi ikauke kwa saa 3 hadi 4 mbali na jua na joto, andika tarehe na saa, kisha itume siku hiyo hiyo.

Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2017 unataka kiwango cha fenilalanini kiwe kati ya mikromoli (kizio kidogo cha kupimia kiasi cha kemikali) 120 na 360 kwa lita ya damu hadi umri wa miaka 12, na kisizidi 600 baada ya hapo. Hupimwa kila wiki katika mwaka wa kwanza, kila wiki mbili hadi miaka 12, kisha kila mwezi.

Kiwango kikipanda, usikimbilie kumshuku mtoto kuwa amekula kwa siri: homa na kukosa hamu ya kula huufanya mwili uvunje protini ya misuli yake wenyewe. Andika siku za ugonjwa pamoja na sampuli, na mweleze mtaalamu wa lishe kabla hujapunguza chochote.